Stima Iwe na Wenyewe

Hapa visiwani stima ikipotea twamuuliza jirani, na jirani naye hajui. Barafu ya mvuvi yayeyuka, nasi wa kidato cha tatu twasoma kwa kurunzi. Kinachoniudhi kuliko giza ni kukosa habari.

Kule Urambo, mkoa wa Tabora nchini Tanzania, wateja waliunda chama chao cha ushirika cha umeme, na mwaka 1994 taa zikawaka kwa jenereta za dizeli. Marekani nako, baada ya sheria ya mwaka 1936, wakulima waliungana wakavuta nyaya wenyewe. Vingi vya vyama hivyo mpaka leo huwapelekea wanachama jarida la habari zao.

Wako watakaosema ushirika huliwa na viongozi. Kweli, wengine hula. Basi hesabu zibandikwe gatini kila mwezi: dizeli iliyonunuliwa, pesa zilizoingia, mashine iliyoharibika. Mwizi hapendi mwanga!

Wavuvi wetu wana ushirika. Kwa nini stima isiwe nao? Mwenye jibu na anijibu katika toleo lijalo.