Mfaransa hupigia kura bei ya nyama yake. Wewe na embe lako je?

Januari 2024 wakulima wa Ufaransa walitoa trekta zao shambani wakazipeleka kwenye barabara kuu zinazoingia Paris. Wakafunga njia. Walikuwa na malalamiko mengi: kodi ya dizeli, makaratasi yasiyoisha kutoka Brussels, na bidhaa za bei nafuu kutoka nje, hasa nyama ambayo ingeletwa na mkataba kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Mercosur kule Amerika Kusini. Waziri Mkuu Gabriel Attal, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi kazini, alilazimika kwenda hadi shambani kuwatangazia kwamba nyongeza ya kodi ya dizeli imefutwa. Novemba mwaka huo wabunge wao walipiga kura kuhusu msimamo wa serikali wa kuukataa mkataba wa Mercosur. Waliounga mkono msimamo huo walikuwa 484, waliopinga 70. Wabunge wanaotukanana kila siku, siku hiyo wakaimba wimbo mmoja.

Sasa wewe unayesoma hii ndani ya matatu ya Wote, au umeegesha boda hapo Kalundu ukingoja mteja, utauliza: na mimi hiyo inanihusu nini?

Inakuhusu kwa sababu ya embe.

Mwaka 2003 wanasayansi walimgundua hapa Kenya nzi wa matunda aliyetoka Asia. Hakuuliza viza. Hutaga mayai ndani ya embe, funza wakaanguliwa, na tunda linaloonekana zuri nje linakuwa uji ndani. Wanunuzi wa Ulaya hawataki kumwona kabisa, maana akiingia kwao anaweza kuharibu matunda yao pia. Shehena zetu zikawa zinanaswa, na mwaka 2014 Kenya ikasimamisha yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya kabla ya kufungiwa mlango. Ulifunguliwa tena 2021. Hiyo ni miaka saba. Ukiwa na umri wa miaka 20 hivi leo, sehemu kubwa ya maisha yako ya shule ya msingi ilipita mama au shosho akiuza embe bila soko hilo.

Hebu tazama vizuri ni nani waliokutana chini ya mwembe huo. Mdudu ni wa Asia. Kanuni ni za Brussels. Aina za Tommy Atkins na Kent zilizopandwa pale zilitokea Florida, Marekani. Hata nyigu mdogo anayeshambulia mayai ya nzi huyo, watafiti wa icipe pale Nairobi walimleta kutoka Hawaii. Shamba peke yake ndilo la Makueni, na hasara pia.

Watu wengi wakisikia neno utandawazi hufikiria TikTok, Arsenal na nguo za mitumba. Sina shida na hayo, mimi mwenyewe jumapili huniita bure ukinitafuta wakati wa mechi. Lakini utandawazi mkubwa zaidi Ukambani ni ule usioonekana: karatasi ya masharti iliyoandikwa mbali, inayoamua kama embe litapanda ndege, litauzwa Dubai, litakamuliwa juisi au litaozea chini ya mti Februari.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Uchaguzi wa 2017 uliangukia katikati kabisa ya ile miaka saba. Jiulize, kuna mgombea urais uliyemsikia akisimama Wote au Kitui mjini akieleza atafungua vipi soko la Ulaya? Mimi nakumbuka "Tibim" na "Tano Tena". Tulicheza, tukaimba, tukapewa fulana na leso, tukarudi nyumbani kwa mabroka walewale wanaochagua embe kubwa, wanaacha dogo, na kutaja bei wao.

Siwezi kusema hakuna aliyefanya kitu. Serikali ya Gavana Kivutha Kibwana ilijenga kiwanda cha matunda pale Kalamba, kikaanza kazi 2017, ili embe lisagwe na kuwa rojo ya kutengenezea juisi badala ya kutupwa. Wakulima wa Makueni nao walitega mitego, wakafukia matunda yaliyoanguka, wakapunguza nzi hadi kaunti yao ikawa miongoni mwa zile zilizotumika kuishawishi Ulaya. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono, ya vikundi, ya mwethya ule ambao babu zetu walitumia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wakulima walifanya sehemu yao. Siasa za kitaifa ndizo sizikumbuki zikiwa pale.

Ng'ambo ya mto Athi, Kitui wana hadithi yao, nayo ni ya pamba. Waulize wazazi wako. Kulikuwa na wakati pamba ilikuwa inalipa karo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, viwanda vya nguo vikaanza kufa, na mitumba ikajaa kila gulio. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alifungua kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, na Covid ilipokuja 2020 vijana wa pale wakashona barakoa zilizovaliwa na nchi nzima. Tulijivunia, na kwa haki. Lakini kiwanda cha kaunti moja kikishindana na marobota yanayoshuka kila wiki Mombasa, hiyo si vita ya gavana peke yake. Ni swali la ushuru, na ushuru wa forodha hauamuliwi Kitui. Huamuliwa Nairobi, Arusha, na kwenye meza za mikataba.

Kuhusu mikataba, kuna moja ambayo nina hakika ilikupita. Usijilaumu, ilipita karibu wote. Tarehe 18 Desemba 2023, Kenya na Umoja wa Ulaya walitia saini Nairobi Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi. Bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru, na sisi tunafungua soko letu kwa bidhaa zao hatua kwa hatua kwa muda wa miaka 25. Ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Unakumbuka ulikuwa wapi tarehe 1 Julai 2024? Ilikuwa siku sita tu baada ya Juni 25. Tulikuwa bado tunazika wenzetu. Tulikuwa tumeusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Kikamba, Kikuyu, Kijaluo na Sheng, tukaweka kwenye video za dakika moja, na Rais akakataa kuutia saini. Kizazi hichohicho kilichoweza kueleza kodi ya mkate hadi mama mboga akaelewa, kikapitwa na mkataba wa miaka 25. Ukiwa na miaka 22 leo, utakuwa unakaribia 50 utakapokamilika.

Sisemi mkataba huo ni mbaya. Bila huo, parachichi na mishiri ya Kibwezi ingeweza kutozwa ushuru Ulaya, na hilo lingeumiza. Ila kuondolewa ushuru si kuondolewa nzi. Mlango umefunguliwa, kizingiti ni kilekile: dawa isizidi kiwango, tunda lipite kwenye maji moto au litoke eneo lisilo na nzi, kila kasha lijulikane limetoka shamba gani. Mkulima mwenye miembe 30 Kathonzweni anafikaje hapo bila kituo cha kufungia matunda karibu naye? Hapo ndipo mbunge na gavana wanapaswa kutokwa jasho.

Utaniambia, "Wewe unaongea Brussels na sisi hatuna maji." Ni kweli, mtu hawezi kula mkataba. Lakini hata maji yenyewe sasa ni ya dunia. Bwawa la Thwake, pale mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa na kampuni ya Kichina, China Gezhouba, kwa fedha zinazotoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo huo utalipwa na kodi yako, ile unayokatwa ukinunua bando. Huwezi kutenga maji huku na dunia kule.

Na usidhani jambo hili ni la Wazungu tu. Mombasa waliliweza. Mizigo yote ilipoamriwa ipande reli ya SGR, iliyojengwa kwa mkopo wa Uchina, madereva wa malori, makanika na wenye hoteli waliona mlo wao unaondoka. Waliandamana wiki baada ya wiki. Wakalifanya suala la kura. Septemba 13, 2022, siku ileile ya kuapishwa, Rais Ruto alirudisha uondoaji wa mizigo Mombasa. Hata kule Mtito Andei na Emali, ambako lori likisimama mtu anauza chai, walisikia tofauti. Kumbe mwanasiasa wa Kenya akibanwa na swali la biashara ya dunia, anajibu.

Lakini tusiinakili Ufaransa yote. Aprili 2017, kati ya duru mbili za uchaguzi wa urais, Emmanuel Macron na Marine Le Pen walikwenda siku moja kwenye kiwanda cha Whirlpool mjini Amiens, ambacho kazi zake za kutengeneza mashine za kukaushia nguo zilikuwa zinahamishiwa Poland. Hilo nalipenda: wagombea wawili wa urais wanabanwa na wafanyakazi kuhusu ajira. Ila chama cha Le Pen kimekula matunda ya hasira hiyo kwa kuwageuzia kidole wahamiaji, ambao hawakuhamisha kiwanda chochote. Hapa kwetu ni rahisi sana kufanya vivyo hivyo, kumlaumu broka kwa sababu anatoka kaunti nyingine, au Mchina wa bwawani, kisha aliyetia saini karatasi anaenda nyumbani akiwa amepumzika.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Helikopta zitatua Wote, Kibwezi, Mwingi na Mutomo. Makueni mna bahati moja ambayo kaunti nyingi hazina: vikao vya kutoa maoni vinavyoanza kijijini kabla ya kufika wadi na kaunti. Vikao hivyo vimejaa wazee. Ingia. Mgombea akikuahidi soko la embe, muulize ni soko gani, kwa masharti yapi, kituo cha kufungia kitakuwa wapi na nani atakilipia umeme. Wa Kitui, muulize msimamo wake kuhusu ushuru wa mitumba, na asikuache na "tutaangalia". Anayetaka Seneti au Bunge muulize kama ameusoma ule mkataba wa 2023. Akianza kuimba, ngoja amalize, kisha umuulize tena.