Vidonge vya sabuni vilivyouzwa dunia nzima

UKIPEKUA gazeti la Kiingereza la miaka ya 1860, liwe lilipigwa chapa London, Melbourne au Bombay, utakuta kandokando ya habari za bunge na bei za sufu kuna matangazo ya dawa, tena si mawili wala matatu. Kidonge kimoja kinadaiwa kutibu pumu, homa za kila aina, manjano, jongo, bawasiri, minyoo, uvimbe, kifafa, kifua kikuu na, endapo ugonjwa wako haukutajwa, udhaifu wa mwili unaotokana na sababu yoyote ile! Sisi tuna mwarubaini, mti ambao jina lake lenyewe linahesabu maradhi arobaini. Wazungu nao hawakuachwa nyuma.

Kidonge hicho kilikuwa cha Thomas Holloway, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1800. Hakuwa daktari. Alianza kuuza marhamu yake London mwaka wa 1837, kisha akaongeza vidonge, na pesa zote alizopata akazimimina katika matangazo ya magazeti hata akafungwa jela kwa sababu ya madeni. Alipotoka hakubadili mwendo. Mwaka wa 1842 alitumia pauni 5,000 kwa matangazo, na kufikia wakati wa kifo chake mwaka wa 1883 alikuwa akitumia kiasi cha pauni 50,000 kila mwaka. Kwa utajiri huo alijenga hospitali ya wagonjwa wa akili na chuo cha wanawake huko Egham, ambacho Malkia Victoria mwenyewe alikifungua mwaka wa 1886. Chuo hicho kipo hadi leo, sehemu ya Chuo Kikuu cha London.

Je, ndani ya vidonge hivyo mlikuwa na nini? Zaidi ya yote ni shubiri, tangawizi na sabuni. Shubiri inaharisha, tangawizi inapunguza msokoto wa tumbo, na sabuni inashikanisha unga usimeguke. Mtu aliyekimezea alikwenda msalani na kurudi akijihisi mwepesi, akaamini kwamba amepona. Kwa kweli wengi wetu tungepona mafua au uchovu hata bila kidonge, ila sifa zote huchukuliwa na kile tulichomeza mwisho.

Mshindani wake mkubwa alikuwa Thomas Beecham, aliyekuwa mchunga kondoo utotoni kabla ya kuanza kuzunguka na vidonge vyake sokoni. Naye alitumia shubiri, tangawizi na sabuni. Tangazo lake lilijigamba kwamba kisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21, ilhali yeye anakuuzia kwa shilingi moja na peni moja na nusu. Chama cha Madaktari wa Uingereza kilipovipima na kutoa kitabu kuhusu dawa za siri mwaka wa 1909, kilikuta kwamba viungo vya vidonge 56 viligharimu nusu ya robo ya peni. Piga hesabu mwenyewe: bei ilizidi gharama ya viungo zaidi ya mara 100.

Na ile peni moja na nusu iliyoongezwa kwenye shilingi ina kisa chake. Tangu mwaka wa 1783 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru kwa dawa za aina hii, na kila kisanduku kilibandikwa stempu. Mnunuzi alipoona stempu ya serikali alidhani wakuu wameipima dawa na kuikubali. Wauzaji hawakuwa na haraka ya kumsahihisha! Hata lile jina la dawa zenye hataza lilikuwa la kupotosha. Nyingi hazikuwa na hataza yoyote, kwa maana ili upewe hataza sharti ueleze dawa imetengenezwa kwa nini, na hilo ndilo jambo ambalo wenyewe hawakutaka lijulikane.

Tungalicheka na kuishia hapo kama zote zingalikuwa sabuni na tangawizi. Sivyo. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wafikirie mwanamke wa Kiingereza wa miaka ya 1850 anayefanya kazi kiwandani kutwa nzima. Mtoto ameachwa kwa jirani au kwa dada yake wa miaka minane. Analia, pengine meno yanaota, pengine ana njaa. Dukani kuna dawa ya maji matamu ya kumtuliza, na gazeti linaonyesha picha ya mama aliyetabasamu na mtoto mnono. Iliyopata sifa kuliko zote iliitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1849 na kuvuka bahari hadi Uingereza na makoloni yake. Ndani yake mlikuwa na mofini, kiasi cha miligramu 65 katika kila aunsi. Nyingine, Godfrey's Cordial, ilikuwa kasumba iliyotiwa utamu.

Mtoto alinyamaza, hilo halina ubishi. Kasumba humnyamazisha mtu mzima, sembuse kitoto cha miezi minne. Lakini mtoto aliyelazwa hivyo hakuamka kunyonya, akakonda siku baada ya siku, na kijiko kikizidi kidogo pumzi hupungua mpaka zikakatika. Ni watoto wangapi walikufa namna hiyo hakuna awezaye kuhesabu, kwa sababu kwenye cheti cha kifo iliandikwa udhaifu au degedege. Simlaumu mama yule. Chupa haikuandikwa neno kasumba popote, na sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1868 iliyodhibiti uuzaji wa sumu iliziacha nje dawa hizi za kutangazwa. (Wapo walezi wa siku hizi wanaompa mtoto dawa ya mafua ili alale upesi, wapate kumaliza kazi za nyumba. Hao wanajua wanachokifanya.)

Dawa nyingine iliyopendwa sana makoloni ni Chlorodyne, iliyobuniwa India mwaka wa 1848 na daktari wa jeshi, John Collis Browne, kwa ajili ya kipindupindu. Ilichanganya kasumba, bangi na klorofomu. Kwa kuhara ilisaidia, maana kasumba hufunga tumbo, lakini wengi walioinunua kwa sababu ya tumbo waliendelea kuinunua kwa sababu hawangeweza kuiacha.

Kwa jumla makoloni yalikuwa soko zuri kwa watu hawa. Mtu aliyehamia Australia kutafuta dhahabu baada ya mwaka wa 1851 alikuwa mbali na daktari, lakini gazeti lilimfikia na posta ilimfikia. Afrika nayo ilitumika kama tangazo. Henry Morton Stanley alipoanza safari yake ya kumtafuta Emin Pasha mwaka wa 1887, kampuni ya Burroughs Wellcome ilimpa masanduku tisa ya dawa bila malipo. Safari iliishia Bagamoyo mwaka wa 1889, na mwaka uliofuata Stanley akayasifu masanduku hayo katika kitabu chake. Kampuni ikalitumia jina lake katika matangazo kwa miaka mingi. Wapagazi wa Unguja walioyabeba masanduku hayo vichwani hawakutajwa katika tangazo lolote.

Haki nayo itendeke. Vidonge vya rangi ya waridi vya Dr. Williams, ambavyo Mkanada mmoja, George Fulford, alinunua haki zake mwaka wa 1890 kwa dola 53 na senti moja, vilikuwa na madini ya chuma. Msichana aliyepungukiwa damu alipata nafuu ya kweli. Shida ni kwamba tangazo lake liliahidi kuponya hata kupooza.

Sasa nije kwetu sisi watu wa magazeti, maana hatuwezi kujitoa. Matangazo haya ndiyo yaliyolipa mishahara ya waandishi na wino wa mitambo. Madaktari walipotoa kile kitabu chao cha mwaka wa 1909, magazeti mengi ya Uingereza yalikataa hata kulitangaza jina lake. Huko Marekani kampuni nyingine za dawa ziliandika katika mikataba yao na magazeti kwamba mkataba utavunjika iwapo jimbo litapitisha sheria dhidi ya dawa hizo. Mhariri akajua la kuandika na la kunyamazia.

Aliyepiga kelele Australia hakuwa daktari wala mhariri, bali mtengenezaji wa piano wa Sydney, Octavius Beale, ambaye ripoti yake ya mwaka wa 1907 ilizishutumu dawa za siri kwa kurasa zaidi ya 400. Uingereza, kamati ya bunge ilitoa ripoti yake Agosti 1914, wakati ule ule vita vikuu vilipoanza, ikasahauliwa kabatini. Kulazimisha wauzaji kuandika viungo kulingoja hadi mwaka wa 1941. Kwetu Kenya, Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ya tangu enzi za ukoloni, ina vifungu vinavyokataza kutangazia umma tiba za baadhi ya maradhi. Nguzo za stima za Nairobi, zilizobandikwa karatasi za waganga, nadhani hazijavisoma.

Kuhusu Beecham, kampuni yake ilikua, ikaajiri wanasayansi wa kweli, na katika maabara yao ndiko ilikotoka Amoxil, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1972 na ambayo karibu kila nyumba ya Kenya imewahi kuimeza. Vile vidonge vya zamani vya shubiri viliendelea kutengenezwa hadi mwaka wa 1998.