Dau ni Ahadi

Mwezi Machi mwaka 193, mjini Roma, askari wa ulinzi wa Kaisari walimwua bwana wao Pertinax, kisha wakakitia kiti chake cha enzi mnadani. Wanunuzi walikuwa wawili. Sulpicianus, aliyekuwa ndani ya kambi, alifikia sesterti 20,000 kwa kila askari. Didius Julianus, aliyekuwa akipaza sauti nje ya ukuta, akaruka mara moja hadi 25,000, akapewa. Alitawala siku 66, akauawa. Twaikumbusha habari hii kwa sababu wanunuzi wa aina ya Julianus wangalipo katika kambi na vituo vyetu, ila siku hizi hawapigi kelele ukutani, hubonyeza simu.

Ni jambo lisilofichika kwamba askari na polisi wengi wa hapa Bujumbura hutamani kujinunulia gari lililotumika kutoka Japani, hasa zile Toyota Probox zilizojaa katika barabara zetu. Wako waliojiwekea akiba katika safari ya Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kwenda Desemba 2007. Tamaa hiyo si dhambi. Lakini yafaa mtu ajue anaingia wapi.

Minada mikubwa ya magari ya Japani huwapokea wafanyabiashara waliosajiliwa tu. Mnunuzi wa huku hana budi kupitia wakala, naye wakala aghalabu hudai amana kabla ya kutia dau. Hapo ndipo mwongo anapojipenyeza. Huweka picha nzuri alizoziiba kwingine, hutaja bei ya kushangaza, kisha hutoa akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi badala ya jina la kampuni. Amana ikifika, simu haipokelewi tena. Polisi wasomao ukurasa huu wajua vyema taabu ya kumwandama mwizi ambaye hata nchi aliyomo haijulikani.

Hata wakala akiwa mwaminifu, dau lenyewe ni ahadi. Nyundo ikigonga, gari ni lako, na ukilikataa amana yaweza kupotea. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei omba karatasi ya ukaguzi wa gari, na utake ufasiriwe kila alama. Herufi R, kwa mfano, huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa; rangi yake yaweza kung'aa kuliko ya jipya.

Tena bei ya mnadani si bei ya gari likiwa Buyenzi mbele ya fundi wako. Kuna ujira wa wakala, meli, bima, gharama za bandari ya Dar es Salaam, safari ndefu ya barabara hadi mpakani Kobero, na ushuru wa OBR. Kwa gari la bei nafuu, jumla ya hayo yaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Na sehemu kubwa ya hayo huhesabiwa kwa dola, hali mshahara ni faranga. Waliokuwa na deni la dola Mei 2023, faranga iliposhushwa thamani, hawahitaji kuelezwa.

Lakini hatari iliyo kubwa kwetu imo katika tabia tuliyofunzwa. Askari hufundishwa kutorudi nyuma, na mnadani hilo ndilo linalomwangamiza. Anayepandisha bei dhidi yako huenda ni mtu wa muuzaji mwenyewe, asiye na nia ya kununua. Isitoshe, Japani imetutangulia kwa saa saba: mnada uanzao Tokyo saa nne asubuhi, hapa ni saa tisa usiku. Mwenye simu mkononi saa hiyo amechoka, na akiwa zamu ya lindo ana kosa jingine pia. Kikomo cha bei na kiandikwe mchana, nyumbani, mbele ya mkeo au mumeo, kisha apewe wakala kwa maandishi.

Aliyekwisha kutuma pesa akaanza kushuku, na aende benki siku hiyohiyo, akiwa na stakabadhi na ujumbe wote bila kufuta hata mmoja. Wengi hawaendi. Ofisa aliyetapeliwa hunyamaza kwa kuzionea haya nyota za begani mwake. Na wakati amenyamaza, sajini wa chumba cha pili anatuma amana katika akaunti ileile.