Mkono ni wake, mashine je?

Jamani, kuna habari inanikosesha usingizi, acha niitoe leo.

Mwaka 2010 kijana wa Kimarekani, Ian Burkhart, miaka 19, alikuwa likizo ufukweni. Akapiga mbizi, akagonga mchanga, shingo ikavunjika. Tangu siku ile vidole na miguu vikagoma.

Mwaka 2014, huko Ohio, madaktari walimfungua fuvu wakaweka kwenye ubongo kidude kidogo kuliko njegere, chenye ncha 96. Kazi yake ni kusikiliza tu. Maana ubongo wa aliyepooza namna hii haujapooza! Bado unaamuru "kunja ngumi", ila amri inakwama shingoni. Basi waya ukatoka kichwani hadi kwenye kompyuta, kompyuta ikasoma ile amri, ikapeleka umeme kidogo kwenye misuli ya mkono. Vidole vikakunjika. Baadaye akashika chupa akamimina, akapitisha kadi ya benki kwenye mashine, hata gemu ya gitaa akacheza.

Lakini yote hayo yalikuwa maabara. Akichomolewa waya, anarudi nyumbani na vidole vilevile vilivyolala.

Mwaka 2021 kidude kikatolewa. Alipata maambukizi, na fedha za mradi nazo zilikuwa zinakauka.

Sisi waandishi tuna makosa hapa. "Aliyepooza ashika kikombe" ni kichwa cha habari. "Fedha zimekwisha" nani atakisoma? Kampuni ya Second Sight ilipoyumba mwaka 2020, zaidi ya watu 350 duniani waliokuwa wamewekewa macho yake ya bandia walibaki na vyuma visivyo na fundi. Januari 2024 Noland Arbaugh aliwekewa kifaa cha Neuralink, na baada ya wiki chache nyuzi nyingi zikachomoka ubongoni. Wahandisi wakarekebisha programu, akaendelea kusogeza mshale kwenye skrini kwa mawazo. Safi. Lakini alikuwa na kampuni yenye hela nyuma yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla fuvu halijafunguliwa, fedha za matengenezo, na za kukitoa kifaa, ziwekwe pembeni, mahali ambapo kampuni ikifa haziguswi. Mtaniambia hiyo itachelewesha utafiti. Na ucheleweshe kidogo!

Burkhart mwenyewe hakususa. Amejiunga na wenzake waliowahi kuwekewa vifaa hivi, wanataka watengenezaji wawasikilize tangu mwanzo. Mimi niko upande wao. Wewe je, kwa mkataba wa miaka michache, ungekubali kupasuliwa?