Baridi huficha mengi kwa mnunuzi wa nyumba Athi River

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi na ukavu katika nyanda za Athi River, Kaunti ya Machakos. Mawingu hutanda tangu alfajiri na manyunyu huanguka hapa na pale, lakini mvua ya maana hainyeshi. Barabara za udongo hupitika, mito hupungua na kuta za nyumba huonekana kavu.

Kwa anayeuza nyumba au ploti, hakuna wakati mwafaka zaidi wa kumzungusha mnunuzi. Kwa anayenunua, huo ndio wakati wa kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa kasoro kubwa za eneo hilo hujitokeza mvua inaponyesha.

Ya kwanza ni udongo. Sehemu kubwa ya nyanda hizo ina udongo mweusi ambao hufura unapolowa, kisha hunywea na kupasuka unapokauka. Nyumba iliyojengwa bila udongo huo kuchimbwa na kuondolewa, au bila msingi ulioundwa kuuhimili, hupata nyufa kadiri misimu inavyopokezana. Rangi mpya iliyopakwa Julai yaweza kuzificha nyufa hizo kwa miezi kadhaa.

Ya pili ni maji. Mnamo Aprili na Mei 2024, Mto Athi ulivunja kingo zake na mafuriko yakaingia katika makazi ya watu. Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi kandokando ya mito nchini wahame. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilikuwa tayari zimetenga ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande wa mto. Mnunuzi anayefika Agosti akakuta kijito chembamba hawezi kukisia upana wa maji hayo mwezi wa Aprili.

Hatari hii huongezwa na utaratibu wenyewe wa mauzo. Kwa desturi, mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei anapotia saini mkataba, na shughuli hutarajiwa kukamilika katika muda wa siku 90. Mkataba wa mwishoni mwa Julai hukamilika mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikianza. Hivyo basi, mnunuzi hukabidhiwa funguo wakati ule ule ambapo dosari zinaanza kujitokeza, ilhali pesa zake zimekwisha kulipwa.

Wapo watakaosema kwamba udongo na maji ni mambo ya fundi, na kwamba mwenye hatimiliki mkononi hana la kuhofia. Historia ya Mavoko haiungi mkono imani hiyo.

Mnamo Novemba 2011, nyumba zilibomolewa Syokimau katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Oktoba 2023, matingatinga yaliingia Athi River kwenyewe, katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland yenye ekari 4,298, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi hiyo ni mali ya kampuni. Waathiriwa wengi walisema walizinunua ploti zao. Katika visa vyote viwili, familia ziliachwa nje katika msimu wa mvua.

Kisheria pia, karatasi pekee haitoshi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaitambua hatimiliki kuwa ushahidi wa umiliki, lakini kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au kinyume cha sheria. Aidha, mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba hatimiliki haiwezi kumlinda mnunuzi iwapo ardhi yenyewe ilitolewa isivyo halali tangu mwanzo.

Maana yake ni kwamba kuulizia jina la mmiliki wa sasa katika afisi ya ardhi ni hatua ya kwanza tu. Yafaa wakili afuatilie ardhi ilitoka kwa nani, iligawanywa lini na kwa idhini ya nani. Cheti cha hisa kutoka kwa kundi au chama si hatimiliki. Mpima ardhi aliyesajiliwa naye athibitishe kwamba ploti inayoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye ramani.

Kuhusu nyumba yenyewe, mnunuzi aliyeiona wakati wa baridi na airudie baada ya mvua kubwa kabla ya kumaliza malipo. Wakili anaweza kuweka sharti hilo katika mkataba. Na ikiwa muda hauruhusu, majirani na wapangaji waulizwe maji yalifika wapi mwaka 2024. Alama zilizosalia kwenye kuta za ua nazo ni ushahidi.

Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza kwa hayo. Nyumba iliyostahimili masika ya 2024 bila kuingiwa na maji ina sifa inayostahili bei nzuri, naye anaweza kuitaja waziwazi. Anayepaswa kutiliwa shaka ni yule anayemhimiza mteja alipe kabla ya Oktoba.

Kwa familia nyingi, ununuzi wa nyumba humeza akiba ya miaka mingi na mkopo wa chama cha ushirika juu yake. Bei iliyopunguzwa wakati wa baridi huenda ikavutia, lakini haiwezi kulipia msingi uliopasuka wala ploti iliyo mali ya mtu mwingine. Anayesubiri mvua moja inyeshe kabla ya kukamilisha malipo hupoteza miezi michache tu.