Majani Mawili na Chipukizi

Msomaji aliyepata kusimama alfajiri katika vilima vya Kericho au Bomet, akamtazama mchumaji akiyakata kwa kidole gumba na cha shahada majani mawili ya chai na chipukizi lake na kuyatupa kikapuni mgongoni, atafahamu kuwa riziki ya nyumba nzima imeegemea mvua zinyeshazo kwa wakati wake; nazo siku hizi, kwa hakika, hazina ahadi. Ukame ukirefuka mawingu hutoweka, na usiku ulio wazi huleta jalidi iunguzayo majani mpaka yakawa kama yaliyopitiwa na moto, na mchumaji alipwaye kwa kilo hurejea mikono mitupu.

Asili ya madhara haya ni moshi wa makaa ya mawe na mafuta, uipashao dunia joto na kuvuruga mvua, uliofukizwa zaidi na mataifa tajiri, ilhali sehemu ya Kenya haifiki 1 katika 100. Lakini sisi nasi tumeukata msitu wa Mau, chimbuko la mito ya Sondu na Mara, hata mwaka 2001 serikali yenyewe ikaondoa eneo kubwa katika hifadhi. Matajiri na walipe fidia; nasi, ndugu zangu, tuurejeshe Mau.