Cheti Si Mwisho wa Kusoma

Katika basi litokalo Mbeya kwenda Iringa hakosekani abiria mmoja ambaye wenzake humtazama kwa mshangao. Amenunua karanga pale Makambako kama wao. Wenzake wanakula na kuitupa karatasi. Yeye anazimimina karanga mfukoni na kuikunjua karatasi ili asome kilichoandikwa. Habari yenyewe ni ya zamani, tena imekatwa katikati. Hata hivyo ataisoma mpaka Mafinga, na akifika pale palipochanika atakaa kimya akijiuliza mambo yale yaliishaje.

Watu wa namna hii wapo katika Nyanda za Juu Kusini, na kila mmoja ana kituko chake. Yupo karani ambaye hawezi kusoma gazeti ila aanzie ukurasa wa mwisho. Yupo mwalimu wa Mufindi ambaye hukijalidi kila kitabu kwa karatasi ya kaki na kuandika jina lake mwanzo, katikati na mwisho, maana amekwisha kupoteza vitabu vingi kwa marafiki wema. Yupo muuguzi ambaye, katika baridi ya Julai, husogeza kiti karibu na jiko la mkaa na kusoma mpaka mkaa unakuwa majivu. Yupo pia mzee mstaafu mwenye daftari la maneno mapya, ambaye akikutana na neno asilolijua halali mpaka aulize.

Vituko hivyo havimdhuru mtu. Jambo la kusikitisha ni namna vinavyopokelewa. Mtumishi akikutwa ofisini na kitabu wakati wa chai, swali la kwanza ni hili: "Ndugu, una mtihani?" Akijibu kwamba hana, muulizaji hubaki ameduwaa. Baada ya siku chache hupewa jina la "Profesa", na jina hilo si la heshima.

Swali hilo linafichua ugonjwa. Wako watumishi na walimu wengi wanaoamini kwamba kitabu ni ngazi ya kupandia: mtu akishapata cheti, ngazi huwekwa kando. Mwalimu akimaliza chuo, vitabu vyake hufungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Miaka 20 baadaye anafundisha kwa madaftari yale yale, naye anashangaa kwa nini wanafunzi wanasinzia.

Anayelipa gharama ni mtoto. Chukua mfano wa somo la Historia katika shule iliyo karibu na Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mwalimu asiyesoma atasema kwamba Mkwawa alipigana na Wajerumani akashindwa, kisha atafuta ubao. Mwalimu asomaye atawaeleza watoto kwamba Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Atawaeleza kwamba ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Kisha atawaambia lile ambalo huwafanya watoto wakae wima: kwamba mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita hiyo ikawa miaka 35. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulifuata katika makumbusho ya Bremen.

Kama mwalimu huyo amesoma pia tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, iliyochapwa mwaka 1979, atakuwa na swali zuri la kuwaachia: ni nini wajibu wa mwandishi wa tamthilia kwa historia? Mtoto wa Kalenga aliyekuwa akipita mbele ya makumbusho kila siku bila kugeuza shingo, kesho yake ataingia.

Taifa hili linajua thamani ya jambo hilo, maana lililigharimia. Mwaka 1967, watu wazima 67 hivi katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu waliofundisha watoto asubuhi wakafundisha wazazi wao jioni. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa 39 katika 100, na mwaka 1986 walikuwa wamepungua chini ya 10. Lakini ushindi huo haukudumu, na sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba tumerudi nyuma. Kisomo ni kama shamba la mahindi. Lisipopaliliwa, magugu hayasubiri ruhusa.

Wapo watakaosema hawana nafasi. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, akikaa kwenye meza kama wanayokaa makarani wa leo, na humo humo akaandika vitabu vinavyosomwa mpaka sasa. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mtu anayepata saa mbili za kuzungumzia mpira hawezi kukosa nusu saa ya kitabu.

Hoja ya bei ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba kitabu kimoja huweza kumlazimisha mwalimu kuchagua kati yake na sukari ya nyumbani. Lakini maktaba za mikoa zipo Mbeya na Iringa, na pale zisipofika, walimu kumi wa shule moja wakinunua kila mmoja kitabu kimoja kwa mwaka na kuazimana kwa daftari lenye sahihi, kila mmoja atakuwa amesoma vitabu kumi. Daftari hilo litamponya pia yule mwalimu wa Mufindi na hofu ya marafiki wema.

Wakuu wa ofisi na shule wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji fungu la fedha: kukomesha dhihaka. Siku mtumishi atakapokutwa na kitabu wakati wa chai, asiulizwe kama ana mtihani. Aulizwe, "Ndugu, kinasema nini?" Kisha asikilizwe.